Shangazi, fumbua macho

Shangazi yangu kazaliwa Ujiji, kakulia Ujiji, kaolewa Ujiji, ziwa analiona kila asubuhi akifungua mlango, na dagaa wa humo ndio waliosomesha wanae wote wanne, lakini mpaka mwaka 2024 alikua hajawahi kuzamisha kichwa chake ndani ya yale maji hata mara moja. Hata mara moja jamani. Na wala sio yeye peke yake, wanawake wengi wa huku ziwa letu linaishia magotini, tunafua, tunachota, tunaosha vyombo, tunasubiri mitumbwi ya usiku irudi tupokee dagaa tukawaanike, basi, tunageuza tunarudi nyumbani. Kuogelea ni mambo ya watoto wa kiume. Mi mwenyewe nimejifunza nikiwa na miaka 24, tena kwa ajili ya kazi.

Kazi yenyewe ndo nataka niiandike leo, maana naulizwa sana na kila mara najibu nusu nusu. Nina studio ndogo Mwanga, hapa hapa Kigoma mjini, kinachonilisha ni harusi, sendofu, kicheni pati na paspoti saizi, alafu pembeni kuna hii nyingine ambayo hainiletei hela nyingi ila ndio ninayoamka nikiiwaza: napiga watu picha wakiwa chini ya maji, ndani ya Ziwa Tanganyika, wamevaa nguo zetu. Khanga, kitenge, kaniki, wanaume kanzu. Sio magauni ya kukodi. Nguo zao wenyewe walizonazo kwenye sanduku.

Nilianzaje? Niliona picha moja ya Toni Frissell, mpiga picha wa kike wa Marekani, aliipiga mwaka 1947 kule Florida kwenye chemchemi inaitwa Weeki Wachee, mwanamke ndani ya gauni refu kalala chali kwenye maji kama amesahauliwa humo, nikaiangalia nadhani saa nzima. Baadae nikafatilia nikakuta hii kazi ni ya zamani kuliko nilivyodhani. Mfaransa Louis Boutan alishaanza kupiga picha chini ya bahari mwaka 1893 pale Banyuls-sur-Mer, na mwaka 1899 akampiga mwenzake mmoja wa Romania, Emil Racoviță, akiwa chini kabisa amevaa vazi la kuzamia, na wengi wanaihesabu kama picha ya kwanza ya mtu kupigwa chini ya maji. Mi kilichonigusa ni lile vazi. Yaani tangu siku ya kwanza mtu aliyeingia kwenye picha ya namna hii aliingia na nguo ya kwao, nguo ya kazi yake, na ukimuangalia unamjua ni nani kwa alichovaa.

Nikasema sasa hawa wana chemchemi, sisi tuna Tanganyika! Kilomita 673 kutoka Burundi mpaka Zambia, kina mita 1,470, duniani linazidiwa kina na Baikal ya Urusi tu, na siku ikitulia ukienda zile fukwe za mawe upande wa Katonga unahesabu mawe ya chini moja moja kama yako kwenye glasi. Vile visamaki vya rangi rangi vinavyoishi kwenye mawe watu wa nje wanavinunua wanaviweka sebuleni, na vingi havipatikani ziwa lingine lolote. Nikajiambia hapa nimefika.

Nikaanza vibaya sana.

Wazo langu la kwanza lilikua merikani. Wale waliosoma historia ya huku wanajua, misafara iliyotoka pwani ikapita Tabora mpaka Ujiji ilikua inatembea na nguo kama sisi tunavyotembea na noti, pembeni ya shanga ndio ilikua pesa yenyewe, na nguo kubwa ilikua merikani, ile pamba nyeupe isiyotiwa rangi iliyokua inatoka Marekani, pamoja na kaniki nyeusi. Kabla ya hapo watu wa Buha, yaani Waha wa huku kwetu, walikua wanavaa nguo za magome ya miti. Kwaiyo mi nikaona nimepata, nitachukua kitambaa cheupe mita nyingi, nimzungushie modo, aelee, macho amefumba, mwanga unamshukia kutoka juu, hiyo ndio historia yetu ya nguo. Nikaenda sokoni nikanunua bafta. Nikapita kwa Bibi kumsalimia nikiwa na mfuko.

Bibi kachungulia ndani ya mfuko akaniuliza, nani kafa?

Nikamwambia hakuna aliyekufa Bibi, ni ya picha, nikamuelezea yote kuhusu kuelea na kufumba macho. Alinyamaza muda mrefu mpaka nikaogopa. Alafu akasema, "Mjukuu wangu, bafta nyeupe, mtu kalowa, macho kafumba, kalazwa. Unamvika mtu sanda yu hai?" Na akaongeza kitu ambacho nilikua nakijua toka utotoni ila sikukiunganisha, akasema ukipeleka picha hiyo nyumba yoyote ya mvuvi hapa Ujiji, kuna mama ataona mwanae.

Ni kweli kabisa. Huku kila ukoo una mtu aliyekwenda ziwani usiku hakurudi, au karudishwa na wenzie siku ya tatu. Kwa mwenzetu wa mbali, mwanamke anayeelea amefumba macho ni ndoto nzuri. Kwetu ni msiba. Sikuweza kulijua hilo kwa kuangalia picha za watu kwenye simu, ilibidi niambiwe na Bibi kwenye mkeka wake. Ile bafta nilimuachia yeye, akaipokea bila kusema kitu akaiweka kwenye sanduku lake, na wote tulielewa anaiwekea nini.

Tangu siku ile nina sharti moja silivunji hata mteja anilipe mara mbili: macho yawe wazi. Mtu kwenye picha zangu anaonekana yuko hai, anakuangalia, amevaa kwa kupenda. Nyeupe siivishi mwanamke nikamlaza. Kanzu za wanaume sawa, lakini asimame.

Sa ngoja niongee kuhusu nguo zenyewe maana hapa ndo nimejifunza mambo ambayo nchi kavu nisingeyajua milele.

Kitenge kipya ni kigumu, kina ile gundi ya dukani, ukiingia nacho majini kinasimama kama kadibodi, na modo anaonekana kavaa boksi. Lazima kifuliwe mara mbili tatu kwanza. Khanga ndio mwenyewe, pamba nyepesi, ikishalowa inatembea polepole, pindo linatangulia alafu mji, ile sehemu ya katikati, unafata, kama ina akili yake, ila ikiwa mpya inachuja, siku moja dada mmoja aliingia na khanga mpya nyekundu haijafuliwa, dakika mbili tu kote kukawa kama mtu kamwaga juisi ya rosela, tukatoka. Kaniki inakua nzito sana lakini ni nzuri mno, ule weusi chini ya maji unakua mweusi kweli kweli na uso wa mtu unatokeza wenyewe bila mi kufanya chochote. Maneno ya khanga, lile jina, huwezi kuyapanga, nguo inajikunja inavyotaka, unabaki na nusu ya neno. Kuna dada alikasirika kwa sababu ujumbe wake wa kumfikishia mtu fulani hausomeki! Tukarudia mara sita mpaka ukasomeka wote.

Na dera. Dera ni la kuniogopesha mpaka leo. Mwanzoni nilidhani litafaa, pana, linapepea, kila mwanamke analo. Dada aliyelivaa alikua amesimama maji yanamfika kifuani tu, akachuchumaa kama tulivyokubaliana, hewa yote iliyokua ndani ya dera ikapanda juu na kitambaa kikapanda nayo kikamfunika kichwa, akawa haoni, hajui juu wapi chini wapi, anavuta kitambaa na kitambaa kinazidi kumzunguka. Aliyekuja kumtoa ni kaka ambaye huwa namlipa akae pembeni, zamani alikua anazamia kukamata samaki wa mapambo, alimshika mkono akamsimamisha ikaisha. Sekunde chache tu. Yule dada alicheka baadae, mi sikucheka, nilikaa kwenye mawe nikitetemeka na nikasitisha kazi mwezi mzima.

Suluhisho nililipata kwa kuangalia wanawake wa Kibirizi wakianika dagaa. Angalia wanavyovaa. Khanga moja imefungwa kifuani au kiunoni, ya pili wanaizungusha wanaikaza kiunoni, kibwebwe, na hiyo nguo haiendi popote, ainame, ainuke, abebe beseni, apigwe na mawimbi. Hakuna pini, hakuna zipu. Fundo moja, na ukitaka kulifungua unavuta ncha moja tu linaachia. Tunasema kujifunga kibwebwe kila siku tukimaanisha kujitoa kwenye kazi, na mi nilikua nimelisahau fundo lenyewe! Siku hizi kila modo wangu anaingia na kibwebwe, nguo ya juu inabaki huru kupepea na ya chini haimfungi miguu. Na ukiangalia picha, mwili unaonekana wa mtu anayejua anachofanya. Wale wa magauni marefu wanaelea. Hawa wangu wamesimama.

Upande wa kamera sitaongea sana. Nina kamera ya mtumba na kava lake gumu la kuzamia, kila safari nalizamisha kwanza tupu na tishu ndani, tishu ikitoka kavu ndo naweka kamera, pamoja na vile vipakiti vidogo vya kwenye boksi za viatu vinavyonyonya unyevu. Maji yanadanganya macho, mtu aliye mita 4 unamuona kama yuko mita 3 na amenenepa kidogo, kwaiyo mikono yako lazima ijifunze upya. Saa nzuri ni kuanzia saa nne asubuhi mpaka saa saba hivi, jua likiwa juu linaingia chini vizuri, kabla ya hapo linakuja limelala kutoka kwenye milima ya nyuma yetu na linateleza juu ya maji tu. Masika tunakaa mbali na upande wa Luiche, mto unaleta tope. Na kabla ya kuingia popote tunawauliza kwanza wavuvi wa pale kama mamba ameonekana, wakisema ameonekana tunarudi nyumbani hata kama mteja katoka Kasulu.

Lingine, maji yetu hayana chumvi, mtu haelei kirahisi kama baharini, akipumua nje kidogo tu anashuka. Hiyo ni nzuri kwa picha na ni mbaya kwa usalama, kwaiyo siendi sehemu ambayo modo akisimama kichwa hakitoki nje. Watu wanaona picha wanadhani tuko kina cha ajabu. Tuko maji ya kifuani, naanza na pale anapoweza kusimama.

Sasa Shangazi.

Mwaka 2024 uvuvi kwenye ziwa lote upande wetu ulifungwa kuanzia 15 Mei mpaka 15 Agosti ili samaki wapate kuzaliana. Miezi mitatu. Sitaki kuongelea uzuri na ubaya wake hapa, ila wale wanaoishi kwa dagaa wanajua ile miezi ilikuaje, mwalo kimya, chanja tupu, wanawake wamekaa mlangoni mikono mapajani. Nilienda kumuona na sukari na unga. Tukaongea, alafu akaniuliza bila hata kuniangalia, "Hizo picha zako za majini, mtu mzima kama mimi anaruhusiwa?"

Nikamwambia Shangazi, nakusubiri wewe siku zote.

Watu walimsema bwana. Jirani mmoja alimwambia humo kuna majini, utarudi nayo. Mwingine akasema mwanamke wa heshima hajilowanishi nguo ikamshika mwili mbele ya watu. Hili la pili nalichukulia kwa uzito, sio la kupuuza, stara ni kitu kikubwa kwetu na mi mwenyewe siko tayari kumvunjia mtu. Ndio maana kwenye kazi ya mwanamke anayetaka, tunakua wanawake peke yetu na yule kaka anakaa nyuma ya mwamba anasubiri kuitwa, na akitoka kuna mtu amesimama na khanga kavu imekunjuliwa. Lakini pia nilimwambia Shangazi kitu kimoja, kila siku mvua ikikukuta na beseni unalowa hivyo hivyo njia nzima na hakuna anayesema neno. Akasema kweli.

Alikuja na kisutu. Kwa wasiojua, kisutu ni ile khanga ya zamani, nyekundu nyeusi na nyeupe, ya bibi harusi. Ilikua yake ya ndoa. Lakini alikuja na moja. Khanga inauzwa doti, mbili zilizoungana, unakata unapinda, kwaiyo nikamuuliza mwenzie yuko wapi, akasema ile nyingine ndio ilikua mbeleko, imebeba watoto wanne mgongoni, wa mwisho alipoanza kutembea ilikua imeshabaki nyuzi, ikaisha yenyewe. Kibwebwe akafunga na khanga yake ya kazini inayonuka dagaa.

Tulikaa wiki mbili kabla ya kupiga picha yoyote. Asubuhi asubuhi, maji ya kiunoni, anashika mikono yangu, anaingiza mdomo, siku nyingine pua, siku nyingine mpaka macho. Siku ya kwanza aliyofika chini kichwa kizima alitoka akanishika mabega akasema "kumbe kuna ukimya hivi!" Miaka yote hiyo, kelele za mawimbi mlangoni kwake, na hakujua kwamba ndani kuko kimya. Nilitoka machozi ila nilikua nimelowa hakuyaona.

Shida ikawa macho. Anashuka vizuri, anasimama vizuri, nguo inapepea, ila amefumba, kila picha amefumba. Majini modo hanioni, anaona ukungu tu, wala hawezi kusikia naongea, kwaiyo nilikua natumia kijiko nagonga kwenye chupa ya chuma, sauti inasafiri majini haraka sana, zaidi ya mara nne ya hewani, inamfikia kama iko ndani ya sikio lake. Mara mbili maana yake fumbua macho. Nagonga, amefumba. Nagonga, amefumba. Tukatoka tukakaa kwenye mawe tukala mihogo.

Ndo akaniambia. Ana mdogo wake wa kiume, baba yangu mdogo ambaye mi namjua kwa picha moja tu ya ukutani, ziwa lilimchukua kabla sijazaliwa. Akasema, "Mwanangu naogopa nikifumbua nitamuona."

Sikua na jibu. Nilimwambia tuache Shangazi, tumeshafanya mengi, twende nyumbani. Akamaliza muhogo wake, akanawa mikono, akakaza kibwebwe, akaingia mwenyewe, mi nikabaki nahangaika kufunga kava nimkimbilie.

Kwanza tulikua tumeenda chini kidogo, nikaona kwenye skrini kile kisutu kimekua cheusi cheusi. Rangi nyekundu ndio ya kwanza kumezwa na maji, ukishuka tu inaanza kufifia, ukifika mita 5 hivi ni kahawia kabisa, na hata pale tulipokua kwa umbali niliosimama ilishapungua, khanga ya harusi ikawa kama ya eda. Nikamsogelea karibu, nikamshika mkono nikauvuta juu kidogo, akapanda mpaka utosi unakaribia kugusa juu. Nyekundu ikarudi! Ziwa lilikua limetulia, upepo wa kusini bado haujaamka. Nikagonga chupa mara mbili.

Akafumbua.

Nilipiga picha tisa kabla hajatoka kuvuta hewa. Sikujua nimepata nini mpaka jioni studio nilipoziweka kwenye kompyuta, maana pale majini nilikua naangalia macho yake tu. Ukiwa chini ya maji yaliyotulia ukaangalia juu kwa kulala lala, uso wa maji unageuka kioo, hauoni mbingu, unaona vilivyo chini yako vimepinduliwa. Kwaiyo kwenye picha yuko Shangazi amesimama, macho wazi, kisutu kimefunguka upande kama bawa, na juu yake yuko Shangazi mwingine kichwa chini, macho wazi, na kisutu kingine.

Nikaichapa kubwa nikampelekea. Bibi naye alikuwepo, amekuja kula futari ya mihogo kwao. Bibi aliishika kwanza, akaisogeza mbali akaisogeza karibu, akasema "huyu yu hai", akampa mwenyewe. Shangazi aliikalisha mapajani muda mrefu hasemi kitu. Alafu akaigeuza juu chini, yule wa kwenye kioo akawa ndio amesimama, akapitisha kidole kwenye pindo la ile khanga ya juu taratibu kama anatafuta palipochanika.

"Mama," akamwambia Bibi, "ile ya mbeleko hii hapa."